Parcelle kwa Jina ya Joyeuse

Mvua ilikuwa inakuja toka upande wa ziwa, na matofali yangu ilikuwa bado mubichi. Nikamwambia binti yangu Joyeuse, "Vaa viatu, twende tufunike matofali mbele giza iingie." Ilikuwa saa ya mangaribi. Siye tulikuwa tunapanga nyumba ya watu kule chini karibu na soko, na parcelle yetu mupya, kiwanja cha kujenga, ilikuwa juu, pembeni ya njia inayoshuka Kasenyi. Parcelle yetu! Nasema "yetu" na mudomo unanichoma.

Mimi naitwa Musoki, nauza vitenge. Nilifika Bunia na bwana yangu toka Butembo, Mungu akamuchukua, nikabaki na huyu binti moja. Mujane mwenye kupanga ni mupira, kila mwenye nyumba anapiga teke anavyotaka. Hiyo miaka vita ilikuwa imenyamaza. Redio ilisema amani iko. Lakini wote tulilala na nguo mwilini, na mukoba nyuma ya mulango, tayari. Hata hivyo watu walijenga, na mimi nikasema acha nijenge.

Bon. Tukafika. Nikashika upande moja wa baashi ya kufunikia, Joyeuse akashika upande mwingine. Upepo ukakatika ghafla. Kisha harufu ikafika.

Sombe.

Sombe, majani ya muhogo ya mawese, iliyoiva vizuri, na kitunguu ndani. Nikaangalia huku na huku. Parcelle yetu haikuwa na jiko. Haikuwa hata na ukuta, ni musingi tu wa nyumba ya zamani iliyochomwa wakati wa vita. Kwa jirani, mama Charlotte, moshi ilikuwa haijatoka bado.

"Joyeuse..."

Sauti ya muke. Ya chini, ya pole, sauti ya mama aliyechoka na kazi.

"Joyeuse... kuya kula, mutoto yangu."

Na mutoto yangu akaachilia baashi. Akajibu, "Ndiyo mama, nakuja."

Hakuangalia upande wangu.

Alitembea kuelekea pembe ya nyuma, pale majani yalikuwa marefu. Nikaruka, nikamushika mukono. Ulikuwa na moto, mukono wa mutu aliyekaa karibu na jiko.

"Unaenda wapi?"

"Mama ananiita."

"Weye! Mama ni mimi!"

Akaniangalia kwa heshima, vile mutoto muzuri anaangalia mugeni. Mvua ikaanza, nikaacha matofali iloe, nikamuburuta mutoto mpaka nyumbani nikisali kwa sauti barabarani. Watu wakaniona mwenda wazimu, na sikujali.

Toka siku ile Joyeuse akaacha kula. Ningeweka bugali na samaki mbele yake, angesukuma sahani polepole. "Nimeshakula, mama." Umekula wapi? "Nimeshakula." Na kweli mudomo wake ulinuka mawese, mimi ambaye sikuwa nimenunua mawese. Chini ya kucha, udongo mweusi. Akakonda mpaka kanzu ya shule ikamuvuka. Kwa daktari wakasema malaria, wakampa dawa, akameza, akarudi vilevile. Na kila mangaribi, hata ningefunga mulango na kufuli, angesimama mbele ya mulango, uso upande wa mulima. Angengoja.

Sasa ngoja nikuambie namna parcelle ile ilinifikia, kwa maana pengine na weye unatafuta.

Bwana yangu alikuwa na mudogo wake, Olivier, baba mudogo wa Joyeuse. Mutu wa kwaya, sauti nzuri, koti safi kila Yenga kanisani. Siku ya matanga alilia kunishinda mimi mwenyewe. Ndiye alikuja kuniambia, "Shemeji, kuna parcelle. Chukua mbele wengine waione." Akaniletea mutu moja wa kofia, eti ndiye muriti, mwenye kurithi ile pahali. Akaleta na mashahidi. Jirani wa mupaka hakukuwa hata moja, na mimi sikuuliza. Mutu wa kwaya, ndugu wa bwana yangu, ningemuuliza nini? Leo nakuambia bure, na ulishike: shahidi aliyeletwa na muuzaji si shahidi, ni kwaya yake. Nenda weye mwenyewe, gonga kwa jirani wa kushoto, gonga kwa wa kulia, kaa, kunywa maji yao, uulize nani aliishi hapa na alienda namna gani.

Kisha Olivier akasema, "Usiandike jina yako. Andika ya mutoto. Weye ukiandika yako, siku moja ndugu zetu watashuka toka Butembo, watasema ni mali ya kaka yao. Lakini mutoto ni damu yetu, hakuna mutu anaweza kumunyanganya."

Na ni kweli! Hata avoka, mutu wa sheria, atakufundisha hivyo. Wajane wangapi walifukuzwa na mashemeji kwa sababu hawakujua hiyo? Nililia siku ile. Nikamushika mikono yote miwili nikasema, Mungu akubariki, shemeji.

Akamusimamisha Joyeuse kwa pembe ya nyuma. Akamwaga kasikisi, pombe ya ndizi, chini, akataja jina yake yote kwa nguvu, ya ubatizo, ya baba, ya mama aliyemuzaa. "Desturi tu," akasema. "Udongo umujue mwenyewe."

Nilipiga makofi. Mimi, Musoki, nilipiga makofi.

Joyeuse alipofika hali ya kushindwa kubeba bidon ya maji, nikapanda kwa mama Charlotte. Ni muzee wa watu ya Mahagi, mukatoliki wa kweli, rozari haitoki shingoni. Nilimukuta anachambua maharagi. Nikamueleza yote. Hakushangaa, na kule kutoshangaa kwake kukaniogopesha.

"Alianza kumuita lini?" akauliza.

"Nani huyo, mama?"

Akaangalia jua kwanza, kama bado iko juu. Kisha akasema polepole. Pale aliishi mama moja na watoto. Siku risasi zilipoanza, watoto walikuwa wanacheza njiani, wakakimbia na watu, kila moja upande wake. Mama akakataa kukimbia. Alisema watarudi, watakuwa na njaa. Akaweka sombe kwa moto, akaita majina yao mulangoni mpaka nyumba ikamuangukia. Majirani walimuzika palepale, pembe ya nyuma, mbiombio, wakapanda ile miti ya majani marefu inayowekwa pa makaburi. Watoto hawakurudi.

"Mimi sikuona miti," nikasema.

"Iling'olewa. Nani anauza kaburi?"

Desturi mimi naijua, kwetu iko na kwao iko. Ukiuza mahali mutu amelala, unakuja na familia, unachota udongo wa kaburi, unamuita marehemu kwa jina, unamuambia, twende, tunahama. Unaondoka bila kugeuka. Asipoitwa, anabaki. Na huyu nani angemuita? Aliowangoja hawakuwako tena.

"Lakini Baba Régine hakukuambia hizi?" mama Charlotte akauliza. "Yeye ndiye alinunua kwanza."

Baba Régine.

Régine ni binti ya Olivier.

Maharagi ilimutoka mukononi aliponiona uso. "Mungu wangu," akasema. "Hukujua."

Kumbe mwaka uliopita Régine alikonda. Nakumbuka! Alikuwa anasimama mulangoni kila mangaribi, eti nimeshakula, nimeshakula. Tuliomba sana kwa ajili yake. Kisha siku moja akapona, ghafla, akaomba ndizi ya kukaanga, na baba yake akafanya ibada ya shukrani. Mimi nilipeleka kuku, jogoo kubwa. Nilicheza mbele ya kanisa na kitenge kiunoni, kwa furaha ya mutoto wa shemeji yangu. Na juma ile ile Joyeuse alikuwa amesimamishwa kwa ile pembe.

Nilishuka mpaka kwa Olivier mbio. Régine akanifungulia, mashavu yamejaa. "Jambo, mama mukubwa!" Akanikumbatia. Sikuweza kumukumbatia na sikuweza kumusukuma, mutoto ana kosa gani?

Olivier akatoka. Aliniona tu, akajua. Akafunga mulango nyuma yake, akashusha sauti.

"Régine ilikuwa inakufa, Musoki. Ungefanya nini?"

"Ningekuambia! Ningekuja kwako kwanza! Weye ni baba yake huyu mutoto, kaka yako alikuachia!"

"Nilijaribu wengine."

"Nini?"

"Nilipeleka jina ya mutoto mwingine, wa mutu simujui. Mama wa kaburi hakumutaka." Alikuwa anaangalia chini. "Alisema amezoea hii damu."

Nikamupiga kofi. Hakujitetea. Akapanguza mudomo, na kwa sauti ile ile alikuwa ananipa nayo mashauri, sauti ya mutu mwema, akasema, "Uzisha na weye. Mimi sikujua kufanya vizuri. Kama mutu atanunua na moyo wake yote, kama mama mwenyewe atafurahi, pengine atakubali. Nitakutafutia mutu."

Nilitema mate kwa mulango wake.

Nikamupeleka Joyeuse Kasenyi, kwa dada yangu Kaswera mwenye kuuza samaki. Nilisema pengine sauti haitashuka kule chini kwa ziwa. Siku ya pili Kaswera akapiga simu, analia. Mutoto alitoka mangaribi pekupeku, akashika njia ya mulima. Wavuvi walimukuta amefika mbali. Miguu ilikuwa inatoka damu na haachi kutembea. Aliwaambia wamuachilie, chakula kitapoa.

Hapo nikapanda mwenyewe.

Sikuchukua padri, sikuchukua muganga. Nilikaa chini kwa pembe ya nyuma, majani yamekatwa, udongo umezama kidogo. Jua ikaingia. Ndege wakanyamaza wote mara moja...

Harufu ikaja.

"Joyeuse..."

Ilikuwa pale pale. Mbele ya uso wangu. Sauti na hakuna mudomo.

"Joyeuse iko na mama yake," nikasema. "Ni mimi. Mama, usimuite tena. Mimi na weye tuko sawa, weye uliita wako na mimi naita wangu. Unataka mutoto? Mimi pia ni mutoto ya mutu. Mama yangu alikufa, na toka alikufa hakuna mutu aliyeniuliza kama nimekula. Chukua jina yangu. Mimi Musoki. Futa ile ya mutoto."

Nikangoja.

Wadudu wakaanza kulia tena.

Kisha kitu ikagusa kichwa changu. Mukono. Moto wa jiko ulikuwa bado ndani yake. Ukapapasa nywele yangu, pole, pole sana, vile unamupapasa mutoto aliyerudi na umechoka kumugombeza.

"Musoki... kuya kula."

Nilikula. Sikuona sahani, lakini nilikula, na mudomo wangu ukajaa. Ilikuwa tamu. Nakuambia ukweli wangu, ilikuwa tamu na nililia, na hiyo ndiyo inaniogopesha kuliko yote.

Asubuhi Kaswera akapiga simu, anacheka na kulia. Joyeuse aliamka akaomba samaki, akamaliza kubwa moja yeye peke yake, akauliza, "Mama yangu iko wapi?"

Joyeuse bado iko Kasenyi, inasoma kule, imenenepa. Mimi nilijenga. Ndiyo, nilijenga palepale, nyumba ndogo, nimeacha pembe ya nyuma na nimerudisha miti. Watu ya soko wanasema nimekonda. Nawaambia nimeshakula.

Lakini sasa yule mama wa kaburi ameanza kuuliza. Mangaribi, nikisha kula, mukono wake ukiwa kichwani mwangu, ananong'ona:

"Nani alikuleta kwangu, mutoto yangu? Jina yake nani? Nataka kumupikia na yeye."

Siku zote nafunga mudomo. Namufikiria Régine na mashavu yake. Nasema mutoto hana kosa, acha baba yake aishi. Nafunga mudomo mpaka anachoka kuuliza.

Juzi Olivier alikuja sokoni, na koti safi. Akashika kitenge, akajifanya anaangalia rangi. "Nimepata watu," akaniambia kwa masikio. "Bwana na bibi, wametoka Aveba, wamechoka kukimbia. Wananiamini sana. Wana mutoto moja mugongoni. Nimeshawafundisha waandike parcelle kwa jina yake." Akatabasamu. "Nafanya kwa ajili yako, shemeji. Uwe huru."

Nikamuangalia uso ule, uso wa bwana yangu marehemu, pua ile ile. Nikamuuliza anawaleta lini.

"Kesho asubuhi."

"Asubuhi niko sokoni," nikamuambia. "Tangulia weye peke yako, tupange bei. Kuya leo mangaribi, utakula kwangu."