Miguu ya Aune Pikkarainen

Alhamisi ya tarehe kumi na mbili Desemba ndiyo siku mambo yalipoharibika. Usiku kucha mvua ilinyesha juu ya theluji, na kulipokucha njia zote za baiskeli za mji wa Oulu zilikuwa rojorojo la maji na barafu, lile linaloingia popote penye tundu. Mchana baridi ikakaza tena. Saa nane, mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa chini ya daraja la Tuira alimkuta Aune Pikkarainen, muuguzi wa majumbani, amelala ubavu kando ya baiskeli yake, midomo imegeuka buluu, miguu chapachapa.

Hakufa. Lakini daktari alisema vidole vya mguu wa kushoto huenda vikakatwa, na mwenyewe alikuwa bado hajitambui.

Jioni hiyo Sajenti Kauko Hentilä alikabidhiwa mfuko wa vitu vya mgonjwa: koti, jozi mbili za soksi nene za sufu, na viatu vyeusi vya baiskeli vya majira ya baridi vyenye tope, vyote vimeshakaushwa hospitalini. Kauko alikuwa mgane, na tangu azike mkewe hakuamini tena neno la mtu mwenye cheo mpaka alishike kwa mkono wake. Alivisimamisha viatu kwenye beseni la maji, akanywa kahawa yake taratibu, kisha akatia mkono ndani. Vikavu. Akavigeuza. Soli laini, hazina hata mchubuko.

"Haviingizi maji," alimwambia mkuu wake. "Sasa miguu imelowaje?"

"Mtu alimmwagia maji ndani," alijibu mkuu, ambaye alikuja kazini kwa gari lenye kiti cha kupasha joto. "Meneja wa wauguzi, bwana Vilpas, ameshanipigia. Anasema muuguzi mmoja, Hilkka Ojakoski, aligombana na Aune asubuhi hiyohiyo. Jumatatu nataka jalada lake lifike kwa mwendesha mashtaka."

"Kabla hatujamhoji?"

"Mhoji. Kwani nimekukataza? Ila viatu usimwonyeshe, ni kielelezo."

Hilkka alifika kituoni Ijumaa asubuhi, mwanamke mpana mwenye mikono iliyochoka kwa kunyanyua wazee wa watu. Akishtakiwa kumdhuru mwenzake, hataruhusiwa tena kumgusa mgonjwa, na kazi nyingine hakuijua. Alijua hilo kabla hajaketi.

"Mligombana?" Kauko aliuliza.

"Tuligombana, afande. Nilimwita mbishi, kichwa kama jiwe la sauna. Nilimwambia asitoke, viatu vile si vya mvua. Akanijibu, 'Mzee Huhta atadungwa sindano na nani, na mama yako?' Huyo ndiye Aune. Shoga yangu huyo."

"Ulimmwagia maji viatuni?"

"Maji ya nini, na mvua yote ile? Viatu vyenyewe tulivyopewa kazini vinavuja! Tumelalamika tangu Novemba. Vilpas akatuambia tuvae mifuko ya plastiki juu ya soksi, kama samaki wa dukani."

"Nimevijaribu. Havivuji."

Hilkka alimtazama kama anayetazama mlevi. "Nionyeshe."

"Siruhusiwi."

"Basi mnanifunga kwa viatu ambavyo hamtaki nivione! Vizuri sana. Serikali oyee!"

Kauko alifunga daftari lake. Moyoni alianza kuhisi baridi isiyotoka nje.

Siku hiyohiyo, saa tano, aligonga mlango wa mzee Huhta, nyumba ya mwisho aliyoingia Aune. Akavua viatu ukumbini kama kila mtu. Mwana wa mzee, Tapio, alikuwa na uso wa mtu anayehesabu madoa. Jirani alikuwa ameshamwambia Kauko kwamba Tapio hakumpenda Aune.

"Viatu vyake vilikaa hapa ukumbini," Kauko alisema. "Na wewe ulikuwa hapa."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyevijaza maji? Afande, vilikuja vimejaa! Alipovua, soksi zake zilichora njia ya maji mpaka jikoni. Sakafu ya mbao hii!"

"Ulimpa soksi kavu?"

Tapio akainamisha macho. "Nilimpa gazeti asimamie."

Kauko alirudi akisukuma mawazo kama mtu anayesukuma baiskeli kwenye tope. Nani atavaa kiatu kilichomwagiwa maji, apande baiskeli, asiseme kitu? Maji yaliingia njiani. Lakini viatu vya kwenye beseni havikuingiza hata tone. Kwenye bohari ya polisi aliikagua baiskeli ya Aune: pedali zake zilikuwa na meno ya chuma, ya kung'ata soli zisiteleze. Meno yale yang'ate soli asubuhi nzima, yasiache alama?

Akachukua zile jozi mbili za soksi, akazivaa mkononi moja juu ya nyingine, akausukuma mkono ndani ya kiatu. Haukupita. Mji huu hata mtoto anajua: cha baridi unakichagua kikubwa kuliko mguu, sufu ipate nafasi na damu ipite. Kiatu cha kubana hugandisha kuliko kutembea peku.

Akampigia muuguzi wa wodi. "Nani alikukabidhi ule mfuko?"

"Ulikuwa umening'inia kitandani. Meneja wake ndiye aliyeuleta mezani kwangu, akasema polisi wasije wakaupoteza. Mtu mwema, alikuja na maua, na begi la mazoezi begani."

Jumatatu saa mbili asubuhi, jalada la Hilkka likiwa juu ya meza ya mkuu, Kauko aliingia ofisi ya wauguzi wa majumbani. Walikuwa wote, wanakunywa kahawa kwa mkate wa iliki. Jarkko Vilpas alikuwa kati yao, soksi zake nyembamba za ofisini.

"Bwana Vilpas, Aune anavaa namba ngapi?"

"Thelathini na nane. Ndiyo namba yake ya sare."

Hilkka akapasuka kicheko. "Ya sandali za kiangazi hiyo! Baba, wewe umewahi kupanda baiskeli?"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," mwenzake akadakia.

Kauko akafungua kabati la kukaushia, lililojaa viatu vyeusi vya kufanana. "Kila mtu achukue vyake."

Wakavichukua bila kusoma namba, kama mama anavyochukua mwanawe katikati ya watoto. Walipomaliza, jozi moja ilibaki. Namba arobaini. Soli zimeng'atwang'atwa. Kauko akavisimamisha kwenye beseni la kuoshea vyombo, na mbele ya macho yao maji yakapanda kupitia matundu ya skrubu chini ya soli, yakalowesha kitambaa cha ndani.

"Ulidhani vitajificha kati ya ndugu zake," Kauko alisema. "Hospitalini ukaweka vipya, ukavipaka tope, kisha ukampigia mkuu wangu na jina la Hilkka."

Vilpas akarudi nyuma hadi ukutani. "Sikumwangusha mimi."

"Hukumwangusha. Uliwaandalia wengine wabebe lawama."

"Hivi ni vya baridi kavu. Nilijua vya mvua ni vipi, ndiyo maana nilijua cha kununua cha kubadilisha! Vya mvua niliviomba tangu mwanzo. Huko juu wakasema baridi ni baridi. Wakaguzi wa usalama kazini wangevikuta mguuni kwa Aune, angeulizwa nani? Mimi!"

"Huko juu nani?"

Vilpas akageuza uso dirishani. Simu ya Kauko ikalia. Alikuwa mkuu, sauti imelainika ghafla: Hilkka aachwe, Vilpas aletwe, na upelelezi uishie hapohapo.

Kauko akamshika Vilpas mkono, akamwongoza mlangoni. Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Nyuma yake wanawake walisimama na viatu mikononi, wagonjwa wakiwangoja mji mzima.

"Nashukuru, afande, umeniepusha na jela," Hilkka alisema. "Sasa niambie. Leo nivae nini?"