Tawi la Saba

Chokaa ya Yanaki ilikauka kila mahali isipokuwa pale.

Ilikuwa wiki ya pili tangu fundi huyo amalize ukuta wa kaskazini wa chumba cha maonyesho, katika nyumba ya kusomea ya Yasenitsa, mji mdogo wa milima ya Rodopi. Ukuta mzima ulikuwa umekauka ukawa mweupe kama unga, lakini upande wa kushoto lilibaki doa la unyevu lenye kimo cha mtu. Yanaki aliweka kiganja juu yake, akakiondoa haraka. Doa lilikuwa na joto. Si joto la jua, maana jua halifiki ukuta wa kaskazini. Lilikuwa joto la paji la uso la mgonjwa wa homa.

"Bomba hilo," alisema, ingawa aliujua ukuta ule jiwe kwa jiwe na alijua kwamba bomba la karibu lilikuwa ng'ambo ya barabara.

Maonyesho yaliitwa "Majani na Maji ya Kwetu," jina lililopitishwa na kamati baada ya vikao vitatu. Kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyechora vyura kwa rangi ya maji, mfuga nyuki aliyechonga ndege kutoka kwenye mizizi, na Sevda. Sevda alikuwa na miaka sitini na mmoja. Arobaini kati ya hiyo aliitumia posta akigonga mihuri, na muda wote huo hakuna aliyejua kwamba jioni alikuwa akikusanya vivuli vya miti.

Njia yake ilikuwa hii. Alishika uzi mwekundu wa sufu, ule unaobaki majumbani baada ya watu kufungana nyuzi mikononi, kutakiana heri, mwezi wa Machi unapoingia, akaunyoosha ardhini juu ya kivuli cha mti, tawi kwa tawi, akaukata hapo hapo kivuli kilipoishia. Kisha alizihamishia nyuzi hizo kwenye ubao, kwa kipimo kilekile. Safari hii hakukuwa na ubao. Ofisi ya urithi ilikuwa imeandika barua kwamba, kwa kuwa jengo ni la kale, ukutani ni marufuku msumari, skrubu, gundi na "kitu chochote chenye nia ya kudumu." Haikutaja chokaa. Basi Yanaki alipopiga chokaa mpya, tarehe kumi Machi, Sevda alizibandika nyuzi zake ikiwa bado mbichi, na fundi akazifunika kwa tabaka jembamba, zikaonekana kama mishipa chini ya ngozi. Ulikuwa mtufaha wa uani kwao. Kila aliyeuona alinyamaza kidogo kabla ya kusema chochote, na kwa Sevda kimya kile kilikuwa utamu ambao hajawahi kuuonja.

Aliyegundua kosa alikuwa katibu wa nyumba, Bwana Asparuh, kwa sababu fomu ya orodha ilikuwa na mstari ulioandikwa "idadi ya sehemu," na Asparuh hakuwahi kuacha mstari wazi maishani mwake.

"Shina moja," alihesabu kwa ncha ya kalamu, "matawi saba."

"Sita," alisema Velichka, mdogo wake Sevda, aliyekuwa ameingia na sinia la mkate wa jibini. Dada hao wawili waliishi pamoja, wote wajane, na Velichka ndiye aliyepika, aliyelima na aliyesema. "Mtufaha wetu una matawi sita, katibu. Mimi ndiye ninayeupogolea. Hesabu tena, au nikuletee vidole vyangu?"

"Hapa yapo saba, bibi wee. Mimi naandika kilichopo."

Velichka aliweka sinia chini, akasogea ukutani, akainamisha kichwa. Kisha akaangua kicheko.

"Dada! Huyu ni mimi! Tazama kiwiko hiki. Na huu si msumeno wangu? Nilikuwa nimesimama shinani napogoa, nawe umenipima na matawi. Miaka hamsini na tisa nangoja mtu anichore, kumbe ananichora kama kuni!"

Sevda naye alicheka, akajifuta macho. Asparuh alikuna kichwa akijiuliza kama mtu huhesabiwa katika mimea. Ni Yanaki peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa ameushika ukingo wa meza.

"Ulimpima kwa uzi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Toka miguuni hadi kichwani?"

"Nilidhani ni tawi, fundi."

"Na mimi nikautia ukutani kwa mkono wangu." Yanaki alivua kofia. "Babu yangu alikuwa mwashi wa madaraja. Daraja likikataa kusimama, walikuwa wanamngoja mtu apite, yeyote yule, wanakipima kivuli chake kwa uzi bila yeye kujua, wanaufukia uzi ndani ya jiwe. Daraja linasimama. Mtu yule hamalizi siku arobaini. Akifa anakuwa talasamu, jini la jengo hilo, analilinda."

"Na babu yako aliwahi kumwona huyo jini?" alidakia Velichka.

"Alimsikia."

"Basi mimi nitakuwa jini wa nyumba ya kusomea, nitawafinya wanaochelewesha vitabu. Kula mkate, Yanaki, umepauka kama chokaa yako."

Lakini njiani kurudi nyumbani Velichka alimwomba dada yake sweta. Alisema upepo umebadilika. Hapakuwa na upepo.

Kesho yake Sevda alimwomba katibu ruhusa ya kuutoa ule uzi mmoja. Asparuh hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwa masikitiko ya kweli kwamba ukuta, kwa kuwa sasa umepigwa chokaa, umekuwa sehemu ya urithi, na kwamba kuuchimba hata kwa kijiko kunahitaji kibali, na kibali kinahitaji nakala nne za maombi, ramani na sababu.

"Niandike sababu gani, Sevda? Jini?"

"Andika unyevu."

Aliandika unyevu. Maombi yakaenda.

Aprili ikaingia, na Velichka, ambaye majira yote ya baridi alikuwa akipasua kuni bila glavu, akawa anakaa kando ya jiko na mablanketi mawili, na vidole vyake vikawa baridi kama vijiko. Daktari alimsikiliza mapafu, akampa vitamini. Kule chumbani doa lilizidi kupata joto, na wale waliokuja kupanga vyura na ndege walisema chumba kinanuka kitu wasichoweza kukitaja, mpaka mke wa mfuga nyuki alipokitaja: kilinuka jasho la mwanamke na moshi wa jiko, yaani kilinuka kama nyumbani kwa mtu.

Siku moja mchana, jua la saa tisa likiwa limelala uani, Sevda alimwona mdogo wake ametoka kuutazama mtufaha, uliokuwa umeanza kutoa maua. Kivuli cha mti kilikuwa chini, kirefu, tawi kwa tawi. Kivuli cha uzio kilikuwepo, na cha kuku, na cha ndoo. Miguuni pa Velichka palikuwa na kitu kifupi na chepesi kama doa la maji linalokauka.

"Dada," alisema Velichka bila kugeuka, na hakuwa na mzaha tena, "naona leo sisimami vizuri juu ya ardhi."

Sevda alihesabu siku tangu uzi utiwe ukutani. Ilikuwa ya thelathini na tisa. Alichukua nyundo na tindo, akafunga kitambaa kichwani, akaenda mbiombio hadi nyumba ya kusomea. Kibali au si kibali, alikwisha kuamua.

Aliwakuta watu watano wamesimama mbele ya ukuta wake. Walikuwa wametoka mji mkuu wa wilaya kukagua maonyesho kabla ya kufunguliwa, wamevaa mitandio ya gharama, na walikuwa wamenyamaza kile kimya chake, ila kirefu zaidi. Mwanamke mmoja mwenye mvi alikuwa na machozi.

"Ni wewe uliyefanya hivi?" aliuliza. "Mama, hii ni kazi kubwa. Tunataka kuirudufu kwenye kitabu. Mpigapicha anakuja kesho asubuhi. Tafadhali, mtu asiuguse ukuta huu."

Sevda alisimama na nyundo nyuma ya mgongo wake. Maisha yake yote watu walimtazama kupitia dirisha dogo la posta na kumwambia "haraka kidogo, mama." Alimtazama yule mwanamke, akautazama uzi mwekundu chini ya ngozi ya ukuta, akahesabu tena, akajiambia kwamba siku thelathini na tisa si arobaini, kwamba mpigapicha huja asubuhi na mapema, kwamba picha ni dakika tano tu, na kwamba baada ya picha hiyo atauvunja hata wamfunge, na huku akijiambia hayo yote aliiona nyundo ikiingia mkobani kama vile aliyeishika ni mtu mwingine.

"Kesho, basi," alisema.

Velichka alifariki kabla ya mapambazuko, kitini kando ya jiko, mkono ukiwa umeinuliwa kidogo na kiwiko kimekunjwa.

Tangazo lake, picha yenye fremu nyeusi, lilibandikwa kwenye lango la nyumbani kwao na kwenye mlango wa maonyesho, ambayo yalifunguliwa keshoye, kwa kuwa kamati haikuwa na kifungu kinachoruhusu kuahirisha. Watu walikula ngano ya kuchemsha yenye sukari, inayoliwa kwa kumkumbuka marehemu, na kisha wakatazama vyura. Mbele ya mtufaha hakuna aliyekaa. Mwalimu mstaafu alisema amesikia mtu ndani ya ukuta akivuta pumzi kama anayetaka kuanza sentensi.

Sevda alikuja peke yake Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, chumba kikiwa kitupu. Aliegemeza shavu kwenye doa. Joto lilikuwa lilelile la kitanda walicholalia wote wawili utotoni.

"Dada," ukuta ulisema, karibu kabisa na sikio lake. "Nifungulie. Kuna giza huku na sijui nimekanyaga nini."

Yanaki ndiye aliyemleta Bibi Nazife, mganga wa kijiji cha juu, mwanamke wa umbo dogo aliyejifunga ushungi na kubeba sufuria yake mwenyewe. Aliyeyusha kipande cha madini ya risasi juu ya jiko la ofisini, Asparuh akitazama pembeni ili asije akaulizwa, akaimwaga katika bakuli la maji chini ya ukuta huku akisoma dua. Risasi ililia, ikaganda. Bibi Nazife aliigeuzageuza mkononi, akilisoma umbo lake.

"Huyu hana ubaya bado," alisema. "Huyu amepotea tu. Vunjeni, mtoe uzi, mkauzike kaburini kwake. Atalala."

Na kibali, kana kwamba kilikuwa kikisubiri nje mlangoni, kilifika wiki hiyohiyo, na mihuri mitatu. Asparuh alikileta mwenyewe nyumbani kwa Sevda, amevaa tai.

"Kimekubaliwa chote. Inatakiwa saini yako tu hapa chini, kama msanii, kwamba huna pingamizi."

Sevda alisoma hadi mwisho, kama alivyozoea posta.

"Na nikisaini, hatasema tena?"

"Sevda, mama, ndiyo maana yake."

"Nyumba ni kimya sana, Asparuh. Hujui. Alikuwa anaongea hata akiwa amelala." Alimrudishia kalamu. "Nina pingamizi."

Yanaki alimsihi. Bibi Nazife alituma ujumbe mara mbili, wa pili mkali. Sevda alinunua kiti cha kukunja. Kila siku, mlango ulipofunguliwa, alikaa kando ya ukuta na ufumaji wake, akamsimulia mdogo wake nani kaoa, matufaha yamekuwaje, kuku yupi kaacha kutaga, na kila siku ukuta ulimwambia nifungulie, dada, nifungulie, kwanza kwa kulia, baadaye kwa kuchoka, na yeye alijibu, "Nipo, mdogo wangu. Nipo hapa," kama anayembembeleza mtoto, akafuma safu nyingine. Kiangazi kilipita hivyo. Ukuta ulianza kunyamaza siku mbili, siku nne. Mwezi wa Oktoba ulinyamaza wiki nzima, na Sevda, mwenye soksi kumi na moja zisizo na mvaaji mapajani, aligonga kwa ncha ya sindano.

"Velichka? Ni mimi."

"Mimi nani?" Sauti ilikuwa ya mdogo wake, ila ilitoka juu, darini, na kwenye sakafu, na kwenye fremu za madirisha.

"Ni mimi, dada yako."

Jengo lilifikiri.

"Sina dada," lilisema. "Nina nyumba."

Kelele za Sevda ziliwafikisha Yanaki na Asparuh mlangoni kwa pamoja, naye tayari alikuwa akichimba kwa sindano ya kufumia. Katibu alitazama ukuta wa urithi, akavua koti, akaenda kuleta nyundo. Walivunja wote watatu, chokaa ikawaingia machoni na mdomoni, wakafika kwenye jiwe. Nyuzi za matawi sita zilitoka nyekundu kama siku ya kwanza. Ule wa saba haukuwepo. Palikuwa na mfereji wake tu, mwembamba, safi, umenyonywa hadi sufu ya mwisho, na Sevda aliupitisha kidole toka miguuni hadi kiwikoni, toka kiwikoni hadi shingoni, mpaka ukaisha. Jiwe lilikuwa baridi.

Ndipo kwenye ukuta wa upande wa pili, nyuma ya vyura, pakagongwa mara tatu, kwa upole, kama mwenyeji anavyowakumbusha wageni kwamba muda umekwisha.