Sindano za Shingo Bulyaga

Ujumbe uliingia saa nne kasoro tano asubuhi.

"Nunua ndizi za Ikuti. Mbivu."

Maana yake: Keller yumo ndani, akiitwa mgonjwa wa kwanza, vamia.

Ikupa aliufuta, akairudisha Samsung kwenye kikapu, akakaza khanga kiunoni. Chini ya khanga ile ilikaa bastola, Glock 19. Kwa wote waliokuwa kwenye benchi la zahanati ile ya Bulyaga, alikuwa mama mwingine wa Kisiba mwenye shingo mbovu. Na shingo ilikuwa mbovu kweli. Miaka mitatu iliyopita Land Cruiser ya Idara ya Usalama ilipinduka naye, na tangu hapo kugeuza kichwa kwake kulikuwa kazi.

Ndiyo maana walimtuma yeye. Ikupa aliijua sindano halali. Alichomwa Dar es Salaam akiwa amelala kifudifudi, daktari akifuatilia ncha ya sindano kwenye eksirei na kudondosha matone machache ya ganzi kando ya mshipa mdogo wa fahamu, ule unaopeleka maumivu ya kiungo kimoja tu cha shingo. Kisha akapewa karatasi. Kila nusu saa aandike maumivu ni mangapi kwa kumi. Yakipungua, kiungo chenye ubaya kimejulikana. Baada ya saa chache ganzi inaisha, maumivu yanarudi, na hapo ndipo tiba inapangwa. Ni kipimo, si dawa.

Zahanati hii haikuwa hata na eksirei.

Ilikuwa na Lusungu. Huyo anayejiita daktari alikuwa muuza dawa za kupe, aliyetimuliwa mnadani kwa kuwauzia wafugaji maji ya chumvi. Sasa alijitia bingwa wa shingo, na koti lake jeupe lilimkaa kama la muuza nyama. Aliyemlipa ni Keller, mgeni aliyevusha kemikali mpakani ndani ya chupa zilizoandikwa ganzi. Ganzi gani! Kitu kile kiliua mshipa moja kwa moja. Wanawake wanne kutoka mashamba ya mbali walikwishachomwa, na mikono yao ilining'inia tu. Walifichwa nyumba moja huko Mbeya, wakidanganywa kwamba watapona. Leo Keller alitaka kumpiga video mtu wa tano, awaonyeshe wanunuzi wa silaha. Mijitu ya namna hii huwaona watu wa Rungwe kama panya wa maabara, halafu inaagiza chai.

"Yangu ilianza na kapu," alisema dada aliyekaa kando yake, mchuma chai mwembamba aitwaye Prisca. "Miaka sita nabeba majani. Sasa hata mtoto akilia mgongoni siwezi kumgeukia, dada."

"Umeolewa wapi?"

"Ikuti, kwa mzee Geresoni. Mume wangu Nelson yuko kiwandani."

Ikupa alishtuka. Mzee Geresoni wa Ikuti alikuwa amesimama nyuma ya jengo lile lile na bunduki ya marisau. Alikuwa mlinzi wa Keller tangu mwezi uliopita. Nyumbani aliaga kwamba analinda ghala la viazi.

Pazia likafunguka.

"Prisca!" Lusungu aliita kwa bashasha. "Njoo mama, leo shingo inakwisha."

Prisca aliingia. Ikupa aligusa kifaa sikioni, akamwita mwenzake wa Idara.

"Amoni, uko wapi?"

"Fuso la ndizi limekwama mbele yangu, katikati ya barabara. Dakika saba."

"Sindano haingoji dakika saba."

"Basi ni wewe peke yako."

Alihesabu hadi ishirini, akalipita pazia.

Prisca alikuwa kifudifudi kitandani, mgongo wazi, shingo imepakwa dawa ya kahawia. Lusungu alishika bomba la sindano, ncha ikigusa ngozi. Keller alikuwa nyuma ya kamera.

"Iondoe," alisema Ikupa. Glock ilikuwa imenyooka.

Lusungu aliganda. Keller hakuganda. Beretta ilitoka kwenye koti lake ikatua kisogoni mwa Prisca.

"Tupa bunduki." Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu, hakujifunza kingine. "Mlinzi! Ingia! Piga!"

Nyayo zilikuja mbio kutoka nyuma ya jengo. Mlango wa nyuma ulilia.

Ikupa hakugeuka. Alipaza sauti, akimwita mzee "baba" kwa Kinyakyusa.

"Tata Geresoni, simama hapo hapo! Mkamwana wako yumo humu, Prisca wa Nelson, na mgongo wake uko wazi!"

Nyayo zilikatika.

Keller alikuwa ameajiri mzee wa Kinyakyusa bila kujua Mnyakyusa ni nani. Kwa wazee wale baba mkwe na mkamwana hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia migombani mwenzake apite. Sembuse kumkuta hana nguo mgongoni! Hakuna mshahara wa kumvusha Geresoni kizingiti kile.

"Mwe bandu, jamani!" sauti ya mzee ilisikika nje. "Mkamwana wangu? Humo?"

Na Prisca naye alikuwa amelelewa. Alipoisikia sauti ile hakukumbuka sindano wala bastola. Alivuta shuka, akajifunika gubigubi, akajibingirisha hadi sakafuni, upande wa pili wa kitanda. Lusungu akabaki anachoma hewa.

"Ingia, mjinga wewe!" Keller alibweka, akageuza kichwa kuutazama mlango.

Risasi moja. Beretta ilianguka, na kidole kimoja kikaifuata.

Lusungu alipiga magoti bila kuambiwa. "Afande, mimi nilikuwa nachoma tu!"

"Kupe au watu? Weka chini hilo bomba. Ukimwaga tone, utalilamba."

Keller alikuwa ameukumbatia mkono wake. "Nina watu Dar. Kesho niko nje."

"Watu wako tuliwakamata jana. Walikutaja kabla hawajaletewa maji ya kunywa."

Aliwafunga wote wawili kwa waya wa kamera yao. Kisha aliketi sakafuni kando ya shuka, akamweleza Prisca kila kitu, ile chupa, wale wanawake wanne, ile video. Prisca alilia, akijipapasa mkono mmoja kwa mwingine.

Mzee Geresoni alikuwa nje, kaipa nyumba mgongo, bunduki chini.

"Mama," alimwambia Ikupa, "mwambie mkamwana wangu sikujua ni yeye."

Ikupa aliupeleka ujumbe. Prisca aliuliza akiwa chini ya shuka.

"Wale wanne walitolewa mlango gani, dada?"

"Wa nyuma. Wamebebwa."

"Mwambie baba, walipita mbele ya macho yake. Nao si wakamwana wa watu?"

Ikupa alitoka akayasema maneno hayo yalivyo, bila kuyalainisha. Amoni alipofika na pingu, alimkuta mzee amekwisha kuitanguliza mikono yake.

"Huyu naye?" aliuliza Amoni.

"Huyu naye."

Ikupa aliwasha pikipiki yake ya Boxer, akaingia barabarani, akalipita Fuso la ndizi bila kugeuka.