Ruta ya Antena Sita

Ni lazima nikiri kwanza jambo ambalo sikuliona. Kwa muda wa miezi saba tangu tuhamie nyumba ile, kila asubuhi nilipokuwa nikifagia uani, nilipita chini ya waya mweusi uliotoka paani na kuingia sebuleni kupitia kona ya dirisha. Niliinama ili usinikwaruze kichwa, kisha nikaendelea kufagia. Hata siku moja sikuinua macho kutazama ulikotoka.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, ambaye alikuwa dobi wa hoteli, kaka yangu, aliyekuwa amemaliza shule na kuomba nafasi katika chuo cha ufundi wa umeme, na mimi, mwanafunzi wa darasa la saba. Mimi na kaka hatukuiva chungu kimoja. Aliniita Profesa, si kwa kunisifu, bali kwa sababu nilikuwa na jibu la kila swali, yakiwemo yale nisiyoyajua.

Jumanne ile ilianza kama siku zote, yaani kwa makelele ya mlango wa bafu.

"Profesa, toka! Maji hayo si urithi wako."

"Subiri zamu yako. Kwani unawahi wapi, mtu mwenyewe kazi yako kulala?"

"Ngoja utoke, utanitambua."

"Nyie watoto, mtanitoa roho!" mama alifoka kutoka jikoni. "Leo jioni tunakwenda dukani wote watatu. Atakayeleta vita njiani, atarudi kwa miguu."

Tulikuwa tukienda kununua ruta, kile kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani. Chuo kilikuwa kimemwandikia kaka kwamba angefanyiwa usaili kwa video siku ya Alhamisi, saa kumi jioni, na kwamba mwombaji ambaye mtandao wake ungekatika hangepigiwa tena. Mtandao wetu pekee ulikuwa ule wa simu ya mama, simu chakavu iliyopata moto na kuzima kila baada ya dakika chache. Wiki iliyotangulia kaka alijaribu kuongea na rafiki yake kwa video, picha yake ikaganda mdomo wazi kama anayeng'olewa jino. Nilicheka hadi nikatokwa machozi. Tangu siku hiyo hakunisalimia.

"Nimejibana miezi mitatu," mama alituambia njiani. "Hela hii ni ya ruta moja. Tukikosea, hakuna ya pili."

Muuzaji alikuwa mtu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Hakuinuka kitini.

"Mnanunua au mnatembea?"

"Tunanunua, bwana," mama alijibu. "Ruta ya waifai ya nyumbani. Ya bei nafuu lakini isituaibishe."

Akasukuma maboksi mawili juu ya kaunta. Katika la kwanza mlikuwa na ruta ndogo nyeupe, haina hata antena, yenye tundu jembamba ubavuni la kuwekea laini ya simu. Katika la pili mlikuwa na ruta nyeusi yenye antena sita zilizosimama kama miguu ya buibui aliyelala chali. Ajabu ni kwamba ile nyeusi ilikuwa imepunguzwa bei hadi ikawa rahisi kuliko nyeupe.

"Tuchukue nyeupe," kaka alisema. "Unatia laini, unawasha, basi."

"Hiyo? Mbona inafanana na kisanduku cha sabuni!" nikasema. "Antena sita zinashinda sifuri. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaijua."

Kaka akacheka kwa dharau. "Mama, huyu anahesabu antena kama anahesabu mbuzi. Hajui kitu."

Uso uliniwaka moto. Wakati huohuo muuzaji aliinua macho akauliza, "Hii nyeusi haiingii laini. Inataka waya wa intaneti kutoka nje. Nyumbani mnao waya?"

"Tunao," nilijibu kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. "Unaingia sebuleni, pale dirishani."

"Ule ni wa intaneti?" mama aliniuliza.

"Ndiyo, mama. Wa aliyekaa pale kabla yetu."

Sikujua. Nilijua tu kwamba ulikuwa waya, na kwamba kaka alikuwa akicheka. Mama akanitazama kidogo, akafungua pochi, akalipa.

"Mali ikitoka hapa hairudi," alisema muuzaji huku akitupa risiti juu ya boksi.

Tulipofika nyumbani niliuvuta ule waya kutoka nyuma ya pazia. Ncha yake ilikuwa ya duara, yenye sindano katikati. Tundu la ruta lilikuwa la mraba. Nikasukuma, nikazungusha, nikasukuma tena. Taa ya ruta ilibaki nyekundu. Kaka alitoka nje, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda. Tulisikia sauti yake juu ya bati.

"Mama! Njoo uone intaneti ya Profesa!"

Ulikuwa waya wa antena ya zamani ya televisheni. Antena yenyewe ilikwisha kung'olewa. Ncha ya juu ilining'inia chini ya ukingo wa bati, haijaunganishwa na kitu chochote.

"Umefurahi sasa?" kaka aliniuliza aliposhuka. Hakuwa akicheka tena. "Ulitaka nikose, nimekosa. Hongera."

"Sikutaka..."

"Nyamaza! Usiniambie neno."

Mama aliketi akiwa na boksi mapajani. Aliikunjua risiti, akaisoma, akaikunja tena.

Jumatano, nilipotoka shuleni, nilimkuta mama mlangoni akiwa tayari na lile boksi. Kaka alituzuia. "Mwambieni muuzaji haiwaki. Semeni imeungua. Mkimwambia ukweli atawafukuza." Mama alinikabidhi boksi. "Wewe ndiye utakayeongea," alisema.

Dukani palikuwa na wateja wanne. Muuzaji aliliona boksi kabla hajatuona sisi.

"Nilisema nini jana? Hairudi! Najua utakachosema: mbovu, haiwaki. Wote mnaimba wimbo mmoja."

"Si mbovu," nilisema. "Uliniuliza kama tuna waya, nikasema tunao. Sikujua. Nilidanganya ili kaka yangu asinicheke."

Mteja mmoja aliguna. Mwingine akacheka waziwazi. Muuzaji alivua miwani yake.

"Yaani unanidanganya dukani kwangu, halafu unarudi kunisumbua?"

"Ndiyo. Naomba utubadilishie ile nyeupe. Kaka ana usaili kesho."

Alifungua boksi, akaigeuza ruta, akahesabu antena, akanusa hata tundu la umeme. "Hawa waongo wamenirudishia tatu kama hizi, kila mmoja anasema imeungua," alinung'unika. "Nimezipeleka kwa fundi, nimemlipa, kumbe nzima zote. Wewe umeniokolea hela ya fundi." Akaleta nyeupe, akaitua kwa kishindo. "Mtaongeza tofauti ya bei. Na usirudi tena na mdomo wako huo."

Mama aliongeza hela aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya viatu vyangu vya shule. Sikulalamika.

Alhamisi kaka aliitia ruta laini ya simu ya mama, akaijaribu kila pembe ya nyumba, mwisho akaituliza juu ya kabati karibu na dirisha, ambako taa iligeuka kijani. Saa kumi aliketi mbele ya kompyuta aliyoazima kwa rafiki yake, juu shati lililopigwa pasi na mama kwa ustadi wake wa hotelini, chini kaptura ya kulalia. Tulisimama jikoni bila kupumua. Kwa dakika arobaini picha haikuganda hata mara moja.

Alipomaliza, mama aliniita.

"Mwanangu, sikukasirishwa na kutojua kwako. Hata mimi sikujua, na nimeishi miaka mingi kuliko wewe. Nilitaka kumwambia yule bwana asubiri, tukautazame kwanza ule waya. Uliposema 'tunao', nikaacha kuuliza. Jibu la uongo halikukupotosha wewe peke yako. Lilitufumba macho wote watatu. Siku nyingine sema 'sijui', tuende kutazama pamoja."

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. "Na mimi nilimfundisha aseme imeungua," alisema polepole, akitazama chini.

"Basi nawe umesikia," mama alisema.

Chuo kilimchukua kaka mwezi uliofuata. Bado tunagombania bafu, na bado ananiita Profesa. Lakini siku hizi, kabla ya kununua chochote cha nyumbani, mimi huandika maswali kwenye karatasi na kuacha wazi mahali pa majibu nisiyoyajua, naye huyatafuta pamoja nami.