Mikebe Thelathini na Moja

Hakukuwa na maiti zahanati asubuhi ile. Kilichoibwa ni choo cha watu, mniwie radhi, na Inspekta Johnstone, miaka kumi na minne kwenye polisi ya Eldoret, alidhani anachezewa shere.

"Mikebe thelathini na moja, afande," alisema Phineas, ambaye watu walimwita Bwana Afya. "Ya kila mtu mzima wa shamba hili. Leo ingepelekwa maabara mjini."

"Nani aibe choo, jamani?"

Phineas hakucheka. Tangu watu wanunue kwa pamoja shamba hili la mzungu, karibu na mji mdogo wa Ziwa, miaka mitatu sasa, homa ya matumbo ilikuwa imeua tisa. Visima vilitiwa dawa, vyoo vikachimbwa upya, wapi! Watu walinong'ona kwamba mzungu aliondoka akaacha mkosi. Nyumba yake ya mawe ilikaa tupu, na hakuna aliyekubali kulala humo.

"Kuna mmoja wetu anabeba vijidudu na haumwi hata kichwa," Phineas alisema. "Mikebe ingemtaja. Niliwaeleza wote siku ya kuigawa."

Johnstone alikagua dirisha. Halikuvunjwa. Bawaba zilikuwa zimefunguliwa kwa bisibisi, na skrubu zote nane zimepangwa mstari mmoja juu ya kizingiti. Lo! Mwizi gani huyu mwenye adabu?

"Nipe tarehe za wagonjwa."

Alizisoma mara mbili. Karibu kila homa ilianza wiki mbili hivi baada ya mazishi. Watu walikuwa wakienda kumlilia mmoja na kurudi na kifo cha mwingine.

"Chakula cha matanga hupikwa na nani?"

"Wahu, mama Nduta. Hakuna anayeponda irio, viazi na mahindi yale, kama yeye. Mumewe Simeon ndiye seremala wa majeneza."

Walimkuta Simeon karakanani, akipiga randa ubao mrefu. Skrubu zake zilipangwa mstari mezani. Johnstone alimwacha Phineas mlangoni.

"Hilo jeneza ni la nani, Mzee?"

"Bado halina mwenyewe."

"Mikebe iko wapi?"

"Mikebe gani, afande?"

"Uliyoiba."

Randa ikasimama.

"Nimeifukia," Simeon alisema. "Yote."

"Ulijua ni mke wako?"

"Kwenye jeneza la tano. Nilikuwa napima mbao, nikakumbuka ni nani alipika kwenye matanga ya wa nne."

"Na ukanyamaza! Wamekufa wengine wanne!"

"Nilimkataza kupika. Nilimwambia mgongo wake mbovu, apumzike. Wafiwa wakaja kumwita wenyewe, naye hawezi kusikia kilio akakaa."

"Ungewaambia."

"Siogopi jela, afande. Jeneza la tatu lilikuwa fupi. La Nduta wetu, miaka sita. Mama yake alimlisha kwa mkono wake siku zote. Mikebe ikimtaja Wahu, atajua. Nifunge mimi, useme mimi ndiye niliyewaua. Yeye asijue tu."

Johnstone alikuwa na hasira ya kumpiga mtu, na bado macho yalimchoma. Kabla hajajibu, Wahu aliingia na sahani mbili za irio na birika la maji.

"Karibu, afande. Huwezi kutoka kwetu na njaa. Nawa mikono."

Johnstone hakuwa ametia kitu mdomoni tangu alfajiri. Alitumbukiza mikono mfukoni.

Haraka Simeon akanyoosha yake, akanawa, akaanza kula kama mtu anayeficha kitu.

Wahu aliendelea kusimama na birika. Maji yalidondoka kwenye takataka za randa. Aliitazama mifuko ya koti la mgeni. Akamtazama Phineas mlangoni, naye Phineas akainamisha kichwa.

"Bwana Afya," alisema polepole, "ulituambia ni mtu asiyeumwa."

Akajigusa kifua.

"Mimi siumwi."

Aliweka birika chini kwa uangalifu, akamgeukia mumewe.

"Baba Nduta. Hata Nduta?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Simeon mpaka kidevuni. Mdomo ulikuwa umejaa. Akakata tonge jingine.