Makopo Mawili ya Salvina

Tak. Tak. Kisha kimya kidogo, kisha tak nyingine. Theopista aliisikia kabla hajafumbua macho, akajua kwamba hata Jumamosi hii mama yake hakupumzika. Punje za buni zilikuwa zikidondoka kwenye kopo.

Alipotoka chumbani alimkuta mama yake, Salvina, ameinamia meza ya dirishani. Mbele yake palikuwa na makopo mawili: moja la buni safi, jingine la buni mbovu. Kwa miaka kumi na minne Salvina alikuwa akiteremka kutoka Uru kwenda kuchambua buni kwa mkono katika kiwanda cha kukobolea kahawa mjini Moshi. Sasa, mwaka huu wa 1998, kiwanda kilikuwa kimeleta mashine yenye macho ya umeme. Iliitazama kila punje, na iliyo mbovu ikaipuliza nje kwa upepo. Lakini kwanza ilipaswa kuonyeshwa ipi safi na ipi mbovu, na msimamizi, Mzee Ebenezeri, hakuona mwingine wa kuifundisha ila Salvina.

"Hodi," aliita jirani yao Dominika, mchambuzi mwenzake. Alikataa kuketi. "Ifundishe vizuri, Mama Theo. Ikihitimu utualike kwenye sherehe, sisi arobaini tutakaofukuzwa."

"Watabaki sita wa kuihudumia," Salvina alisema bila kuinua kichwa. "Ikijifunza vizuri, mimi ni mmojawapo. Nina mtoto wa kusomesha."

"Na mimi nasomesha migomba?"

Dominika akaondoka. Maneno yale yalimchoma Theopista. Mama yake alipokwenda kukata majani ya ng'ombe, alilifungua kopo la buni safi, akachanganya ndani yake konzi mbili za buni iliyopauka kutoka kopo la pili. Mashine ikionekana mjinga, aliwaza, wataitupa, na akina mama wote watabaki na kazi.

Siku ya Jumatano alirudi kutoka shule akamkuta Salvina nyumbani mapema, aproni imekunjwa kwapani. Mashine ilikuwa imefundishwa kwa makopo yale, na magunia ishirini ya wakulima wa Uru yalikuwa yamepita humo yakiwa bado na buni iliyopauka, na waonjaji wa kahawa wameyakataa. Kopo la buni safi lilipomwagwa mezani kiwandani, ubovu ulionekana wazi. Mzee Ebenezeri alikuwa amemwambia asirudi tena.

Theopista alingoja mama yake alie, au afoke. Salvina alimwaga buni kidogo kwenye meza ya dirishani, akaanza kuinua punje moja moja kwenye mwanga.

"Theo, hii imepauka, au ni macho yangu?" aliuliza. "Labda nimeanza kupofuka na sijui."

"Macho yako ni mazima, mama. Mimi ndiye niliyechanganya."

Salvina aliiweka punje chini. "Kesho huendi shule," alisema. "Tunateremka wote kiwandani."

Asubuhi Theopista alisimama mbele ya msimamizi. "Shikamoo, Mzee," alisema, kisha akaeleza yote mwenyewe. Mzee Ebenezeri alimletea Salvina buni nyingine, naye Salvina akachambua makopo mawili mapya, na mashine ikafundishwa upya. Safari hii ilipuliza nje kila punje iliyopauka. Magunia ambayo yangewashughulisha wanawake arobaini siku nzima yalikwisha kabla ya mchana. Meza ndefu za wachambuzi zilikuwa zimesukumwa ukutani, tupu.

"Jina lako limesafishika, Mama Theo," Mzee Ebenezeri alisema. "Nafasi siwezi kukurudishia. Jana jioni nilimpa Dominika."

Walipanda kurudi Uru, na njiani Salvina akasimama kupumua.

"Mashine isingeondoka kwa konzi mbili za buni," alisema. "Haina hila, mwanangu. Uliipa uongo, ikaufanyia kazi bila kuchoka, na walioumia ni watu. Kazi yangu, mashine ingeweza kuichukua. Imani ya watu kwangu isingeweza kuichukua; wewe ndiye uliyeitoa kwa mkono wako. Kazi ikipotea, mtu hutafuta nyingine. Asiyeaminika ataitafuta wapi? Huko nyumbani bado wanasema Salvina aliwahujumu wakulima."

Theopista alimtazama usoni.

"Nakuahidi, mama. Leo hii nitapita nyumba kwa nyumba, kwa kila ambaye gunia lake lilikataliwa, nimwambie ni mimi. Nitaanza hapo jirani kwa Mama Dominika, aliyepewa nafasi yako, na sitalala mpaka wote wamejua kwamba macho yako hayakukosea."