Mlinzi Aliyeondolewa Kwenye Uzito

“Hivi afande, mashine nayo hufungwa jela?” Loisi, jirani yake wa mtaa wa Nkuhungu, alipata kumwuliza Inspekta Anastazia kwa utani. Siku hiyo Inspekta alicheka. Asubuhi hii, mbele ya maiti ya mzee Mazengo, hakucheka.

Mzee alilala chali kwenye kitanda cha zahanati, sindano ya dripu ingali mkononi. Daktari alikuta dawa imezidi mno mwilini. Nesi Elieth, aliyeingiza uzito wa marehemu kwa simu ya kazini inayoongoza mashine ya dripu, alikuwa mahabusu tayari kwa tuhuma za mauaji. Huko aliyarudia maneno yaleyale:

“Jana niliandika 52, afande. Mungu ni shahidi yangu. Mashine ikamwaga chupa nzima.”

Pale zahanati, Anastazia alishika simu ileile, akaandika 52. Skrini ikawa nyekundu: UZITO UMEKATALIWA.

“Imeanza lini kukataa?” alimwuliza nesi Tereza, mwenzake Elieth.

“Leo. Jana, tulipoanza kutumia hizi simu, ilikubali tu.”

“Nani anaingia ndani ya programu?”

“Fredy peke yake. Ndiye aliyeitengeneza.”

Fredy aliletwa, shati limelowa kwapani.

“Nieleze kama unamweleza bibi yako. Usinichoshe na Kiingereza.”

“Ndani ya programu kuna klasi, afande; ni kama kalibu ya matofali. Kila mgonjwa anafyatuliwa humo na sifa zake. Jina ni maandishi. Uzito ni namba. Kuna mlinzi, yaani amri ya ukaguzi, anayekataa aina isiyotakiwa.”

“Kwani 52 si namba?”

“Simu inaituma kama maandishi, ndiyo maana mlinzi anaikataa.”

“Na programu inaufanyia nini huo uzito?”

“Inauzidisha kwa mbili. Ndicho kipimo cha dawa.”

“Ikikuta maandishi?”

“Inayaandika mara mbili. 5252, badala ya 104.”

“Jana mlinzi wako alikuwa wapi?”

Fredy aligeuka kuutazama mlango.

“Fredy!”

“Nilimtoa! Wageni wa wizarani, kule Mtumba, walikuwa njiani kuja kuikagua, na skrini nyekundu tupu. Wangenicheka, kazi apewe mwingine. Nikasema wakiondoka nitarekebisha.”

“Mzee akafa. Ukamrudisha mlinzi kimyakimya, ukaacha dada wa watu awekwe ndani.”

“Niliogopa, afande. Ni mimi. Elieth hana kosa.”

Pingu alifungwa yeye. Elieth alipoachiwa na kuletwa kuchukua vitu vyake, Fredy alipiga magoti.

“Dada yangu, nisamehe. Hata ukinitukana, sawa.”

Elieth alijitanda kanga yake, akampita pale sakafuni, akatoka.